Mimi, Wewe na Mpinzani Wangu: Fani ya Jarida la Seitō

Mwaka 1900 serikali ya Japani ilitunga Sheria ya Polisi ya Usalama wa Umma. Kifungu chake cha 5 kilimkataza mwanamke kujiunga na chama cha siasa, kikamkataza hata kuketi katika mkutano wa siasa akasikiliza. Miaka miwili kabla ya hapo, sheria ya madai ilikuwa imekwisha kuiweka mali ya mke mikononi mwa mumewe, ikamtaka apate ruhusa yake kabla ya kukopa, kushtaki au kufunga mkataba wowote wa maana. Mke akizini, mume aliweza kumfikisha jela. Mume akizini na mwanamke asiyeolewa, sheria haikumwuliza kitu. Mtu aliyetaka kutetea haki za wanawake katika nchi ile alikabiliwa na swali la kiuandishi kabla ya swali la kisiasa. Ikiwa mkutano ni kosa na chama ni kosa, aandike nini, na akiandike kwa umbo gani?

Jarida la Seitō lilikuwa jibu. Toleo la kwanza lilitoka Tokyo mwezi Septemba 1911, likiongozwa na Hiratsuka Haru, mwanamke wa miaka 25 (kwa Wajapani jina la ukoo hutangulia), ambaye katika toleo hilo alijipa jina la kalamu la Raichō. Fedha za kuanzia zilitoka kwa mama yake, katika akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya binti huyo. Toleo la mwisho ni la Februari 1916. Kwa jumla yalitoka matoleo 52. Jarida lilijitambulisha kuwa la fasihi, na ukilipekua utakuta hadithi fupi, mashairi, tamthilia, na tafsiri za watu kama Edgar Allan Poe, Ellen Key na Emma Goldman. Historia imekwisha kumpa Raichō sifa zake kama mwanaharakati. Mimi nataka kumsoma kama mhariri, yaani mtu anayeamua kipi kitangulie na kipi kifuate, nani azungumze kwa nafsi ipi, na nani apewe nafasi ya kumjibu nani.

Darasani tumezoeshwa kuigawa kazi ya fasihi mafungu mawili, fani huku na maudhui kule, kisha tunahesabu tamathali za usemi, tunaorodhesha dhamira, tunafunga daftari. Kwa Seitō mgawanyo huo haufai. Mambo yaliyokatazwa kusemwa jukwaani yaliingia kwa mlango wa umbo: yalikuja kama shairi, kama hadithi, na zaidi ya yote kama barua. Nimelisoma jarida hili kwa tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu mlio wa lugha yake. Ninachoweza kukisoma ni mpangilio, nafsi na mwelekeo wa sauti, na hayo matatu yanatosha.

Ushahidi kwamba mhariri alijua anachokifanya umo katika katiba ya chama kilichochapisha jarida. Rasimu ya Raichō ilitaja lengo la kuwaamsha wanawake. Mhakiki Ikuta Chōkō, ndiye aliyemshauri aanzishe jarida, akamwambia abadili. Kifungu cha kwanza kikatoka kikisema kwamba chama kinakusudia kukuza fasihi ya wanawake. Oktoba 1913 lile neno la kuamsha likarudishwa. Kwa miaka miwili, basi, fasihi ilivaliwa kama vazi la nje. Ila vazi hilo lilimfinyanga aliyelivaa, na hapo ndipo uhakiki unapopata kazi.

Tuanze na toleo la kwanza. Mhariri mchanga anayetaka kutangaza jambo zito angeiweka ilani yake ukurasa wa kwanza. Raichō hakufanya hivyo. Aliyetangulia ni Yosano Akiko, mshairi aliyekuwa na jina kubwa tangu diwani yake ya mwaka 1901, naye alileta mfululizo wa mashairi mafupi ambamo anatangaza nia ya kuandika kwa nafsi ya kwanza tu, na kwamba nafsi hiyo ni ya mwanamke. Baadaye hadithi zikafuata, kisha ndipo mhariri akasema. Mpangilio huu una akili mbili. Ya kwanza ni ya soko: jina linalojulikana linamfungulia mlango jina lisilojulikana. Ya pili ni ya hoja: kabla hujaambiwa jarida hili linataka nini, umekwisha kukutana na "mimi" wa kike anayejitamka. Ilani inapofika, kiwakilishi chake kimekwisha kuzaliwa.

Katika toleo hilohilo imo hadithi ya Tamura Toshiko inayohusu asubuhi ya msichana aitwaye Yūko baada ya kulala na mwanamume kwa mara ya kwanza. Ndani ya nyumba ya wageni, Yūko anamchoma samaki wa dhahabu kwa pini. Halafu wanatoka, wanatembea siku nzima mjini kwenye joto, na yeye hawezi kuachana na yule mtu. Msimulizi hatuambii kama alilazimishwa au aliridhia, kama anajichukia au anamchukia mwenzake. Hakuna hukumu wala funzo. Hadithi za Kijapani za wakati ule kuhusu wasichana "walioharibika" zilikuwa nyingi, na nyingi ziliandikwa na wanaume, ambao kwa kawaida walimtazama msichana kutoka nje na kumfikisha kwenye majuto au kifo. Tamura anakaa ndani ya ngozi ya Yūko, katika harufu na damu na jasho. Kwa kukataa kuhukumu, msimulizi anamnyima msomaji kiti cha hakimu. Mhariri aliyeiweka hadithi hii jirani na ilani alijua kwamba mwili wa mwanamke ungezungumza kabla ya falsafa yake.

Ilani yenyewe imejengwa juu ya sitiari moja: hapo kale mwanamke alikuwa jua, sasa amekuwa mwezi unaoangaza kwa nuru ya mwingine. Sitiari hii ilifika mbali hadi leo inasomwa shuleni Japani, na sababu ni rahisi kuiona. Msomaji wa Kijapani hakuhitaji kukumbushwa kwamba mungu-jua wa simulizi za kale za nchi yake, Amaterasu, ambaye ukoo wa kifalme unadai kutokana naye, ni wa kike. Dai la kimapinduzi limewekwa ndani ya picha ambayo dola yenyewe inaiheshimu. Hakuna mdhibiti ambaye angeweza kuifuta bila kugusa bendera.

Lakini tukiisoma ilani hadi mwisho, kitu cha ajabu kinajitokeza: haina dai lolote. Raichō anauliza kama kufunguliwa vyuo vikuu, kupata kazi, kupewa kura na kutoka nyumbani ndio ukombozi, kisha anajibu kwamba hayo ni njia tu. Anachokitafuta ni kipaji kilichofichwa ndani ya kila mwanamke, na njia ya kukifikia ni kujikusanya nafsi, jambo alilojifunza katika miaka yake ya mazoezi ya Zen. Anazunguka, anarudia, anamtaja Rodin, anarudia tena. Takriri inafanya kazi ya hoja. Anatangulia kukubali kwamba lolote watakalolifanya wanawake kwa sasa litachekwa, akasema hilo halimtishi, na hapo pana ujanja wa balagha ninaoupenda sana: anayetaka kukucheka anakuta kicheko chake kimekwisha kuandikwa ndani ya maandishi.

Pamoja na hayo, nadhani ilani hii imesifiwa kupita kiasi, na sifa hizo zimewaficha wasomaji sehemu bora za jarida. "Mimi" wa ilani ni mtu peke yake kileleni. Anasema na wanawake wote, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumjibu, maana sauti imepaa mno. Mwanamke wa kiwandani, aliyefunga mkataba wa kusokota hariri kwa saa nyingi kwa siku, angeambiwa nini na maandishi haya zaidi ya kwamba ana kipaji? Maandishi yalihitaji nafsi ya pili. Yalihitaji "wewe".

Huyo "wewe" aliletwa na barua. Ukihesabu maandishi ya Seitō yaliyowatikisa watu, utashangaa ni mangapi yana umbo la barua. Aprili 1912 jarida lilichapisha hadithi ya Araki Ikuko ambayo yote ni barua ya mke wa mtu kwa kijana anayempenda. Polisi wakaja kukamata nakala. Hilo likawa toleo la kwanza la Seitō kupigwa marufuku. Mambo ya uzinzi yalikuwa yamekwisha kuandikwa sana na wanaume wa mkondo wa uhalisia, na vitabu vyao viliuzwa. Tofauti hapa ni ya fani. Anayezungumza ni mke, anazungumza kwa raha, anamwambia mpenzi wake moja kwa moja, na hakuna msimulizi aliyesimama pembeni kumwonea haya kwa niaba yetu. Msomaji anajikuta amekaa mahali pa yule kijana, barua mkononi. Afisa wa polisi naye, aliyelazimika kuisoma ili aikataze, alikaa mahali hapohapo.

Marufuku hiyo ilikuwa na gharama zake. Ofisi ya jarida ilikuwa nyumbani kwa Mozume Kazuko, mmoja wa waanzilishi watano, binti wa profesa. Baada ya polisi kufika, baba hakutaka tena jambo hilo chini ya paa lake, na jarida likahamia katika hekalu la Kibudha huko Komagome.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Januari 1912, Seitō lilikuwa limetoa nyongeza maalumu kuhusu tamthilia ya Ibsen ya Nyumba ya Mwanasesere, iliyokuwa imechezwa Tokyo mwaka uliotangulia, Matsui Sumako akiwa Nora. Raichō aliandika uhakiki wake kama barua kwa Nora mwenyewe. Mtu angetegemea kwamba mhariri wa jarida la wanawake angempongeza mwanamke aliyefunga mlango na kuondoka. Anamkemea. Anamwuliza kama anajijua, kama kuondoka huko ni uamuzi wa mtu mzima au hasira ya mtoto aliyedekezwa, na kama anadhani kazi imekwisha ilhali ndiyo kwanza inaanza. Sijasoma uhakiki wa Nora wa kipindi kile wenye makali kama haya. Makali yanatokana na umbo: makala ya kawaida ingemjadili Nora kama mada, barua inamtendea kama mwenzako ambaye unaweza kumkasirikia. Mhusika wa kubuni anapewa heshima ya kukosolewa.

Kilele cha barua hizi kilifika Februari 1914. Raichō aliamua kuondoka kwa wazazi wake na kuishi na mchoraji Okumura Hiroshi, mdogo wake kwa umri, bila ndoa ya kisheria. Barua ya kuwaaga wazazi akaichapisha ndani ya jarida. Hebu tufikirie ujasiri wa kitendo hicho katika jamii ambamo mambo ya ndani hayatoki nje. Baba yake alikuwa afisa wa serikali. Barua ina adabu zote za mtoto kwa wazazi. Inaomba radhi, inashukuru, inajali afya yao. Na katikati ya adabu hizo mwandishi ameingiza kitu cha sura nyingine kabisa: orodha ya maswali manane aliyomwandikia Okumura kabla ya kukubali kuishi naye. Ingekuwaje, anamwuliza, kama nitataka tuishi pamoja lakini sitaki ndoa? Ingekuwaje kama nakupenda lakini sitaki mtoto? Una mpango gani wa maisha na kazi?

Orodha imekatiza mtiririko wa barua makusudi. Lugha ya hisia inasimama, inaingia lugha ya vifungu. Hapa turudi kwenye ile sheria ya 1898: mke hakuweza kufunga mkataba wa maana bila ruhusa ya mume. Mwanamke aliyeandika maswali yale alikuwa bado na uwezo huo kwa sababu tu hakuwa mke. Kwa hiyo umbo la orodha, yaani umbo la mkataba, ndilo linalobeba hoja kuu ya barua nzima: nikiingia katika ndoa yenu, siwezi tena kuuliza hivi. Hayo hakuyaandika kwa maneno hayo popote. Aliacha namba za maswali ziseme. Ikiwa kuna ukurasa mmoja wa Seitō ambao ningemwekea mwanafunzi wa fasihi mezani, ningeacha jua na mwezi, nikampa orodha hii.

Tusidhani kwamba umbo la fasihi lilikuwa ngao isiyopenyeka. Ngao ilitobolewa mara kadhaa. Februari 1913 toleo zima lilipigwa marufuku kwa sababu ya makala ya Fukuda Hideko, msoshalisti mkongwe aliyekwisha kufungwa jela kwa siasa tangu miaka ya 1880, ambaye alisema wazi kwamba mwanamke hatakombolewa kikamilifu mpaka mali iwe ya jumuiya. Hiyo haikuwa hadithi wala barua. Ilikuwa makala ya kisiasa iliyonyooka. Raichō mwenyewe hakuwa msoshalisti. Aliichapisha hata hivyo, akilipa kwa hasara ya toleo na kwa ugomvi nyumbani. Miezi michache baadaye kitabu chake cha insha nacho kikazuiwa. Uhariri hupimwa kwa mambo kama haya kuliko kwa tahariri nzuri: umempa nani nafasi ambayo wewe binafsi hukuihitaji?

Kuna sehemu nyingine ya jarida ambayo wahakiki huipita haraka, nayo ni kurasa za nyuma zilizoitwa kwa maana ya "kutoka chumba cha uhariri". Humo waliandika habari ndogondogo: nani katembelea, nani kahama, nani anaumwa, toleo limechelewa kwa nini. Mtindo ni wa soga, na mara nyingi aliyeandika ni Otake Kōkichi, msanii kijana aliyependa kutania. Katikati ya mwaka 1912 Kōkichi aliandika kwa furaha juu ya kinywaji cha pombe chenye rangi tano, na habari ya yeye na wenzake kwenda kuona Yoshiwara, mtaa wa madanguro yenye leseni, nayo ikavuja. Magazeti yakalipuka. Nyumba ya Raichō ikapigwa mawe. Maneno "wanawake wapya" yakawa tusi la mjini.

Wapo wanaoziona kurasa zile kama uzembe wa kihariri. Nazitetea. Katika nchi ambayo mwanamke hakuruhusiwa kukaa mkutanoni, soga za ukurasa wa nyuma zilikuwa mkutano. Msomaji wa mkoani, aliyepokea jarida kwa posta na kulificha chini ya mto, alipewa mahali pa kuketi chumbani pamoja nao. Raichō alielewa nguvu yake: kashfa ilipokuwa bado moto, Januari 1913, alikwenda katika jarida kubwa la wanaume, Chūō Kōron, akatangaza kwamba yeye ni mwanamke mpya. Tusi likageuzwa kuwa jina.

Mwishoni mwa 1914 alichoka. Aliyelichukua jarida Januari 1915 alikuwa Itō Noe, binti wa kijiji cha pwani huko Fukuoka, ambaye alitoroka ndoa ya kulazimishwa na kuingia Seitō akiwa na miaka 17. Sasa alikuwa hajatimiza 20, ana mtoto mchanga, na ofisi ya jarida ikawa nyumbani kwake. Alifuta kanuni zote za uanachama, akatangaza kwamba kurasa zi wazi kwa mwanamke yeyote. Kwa jicho la mpenda umaridadi, matoleo ya Noe ni duni. Yana haraka, mengine ni membamba, na hadithi nzuri zimepungua. Kwa jicho langu haya ndiyo matoleo ambamo jarida lilipata fani yake ya kweli, na fani hiyo ni mabishano.

Yalianza na suala la ubikira na njaa. Ikuta Hanayo alikuwa ameandika katika jarida jingine, mwaka 1914, kwamba mwanamke fukara anayemlisha ndugu yake hawezi kuutanguliza usafi wa mwili mbele ya chakula. Alizungumza kwa nafsi yake, kuhusu kazi aliyoipata kwa sharti la mwili wake. Yasuda Satsuki akamjibu ndani ya Seitō kwa ukali usio na huruma. Hanayo akajibu, Noe akaingia, Raichō akaingia. Soma mfululizo huo uone kilichotendeka kwa ile nafsi ya kwanza ya 1911. Hanayo anasema "mimi" kama mtu anayetoa ushahidi. Satsuki anasema "mimi" kama mtu anayetoa hukumu. Hakuna aliye kileleni. Kila "mimi" inajua kwamba mwezi ujao itajibiwa.

Juni 1915 Satsuki huyohuyo, sasa akitumia jina la Harada, alileta hadithi iliyo bora kuliko zote za kipindi hiki kwa ustadi wa umbo. Ni barua ya mwanamke aliyefungwa kwa kosa la kutoa mimba, akimwandikia mpenzi wake. Ndani ya barua anamsimulia jinsi hakimu alivyomhoji, na mahojiano yanaandikwa kama majibizano ya mahakamani. Hakimu anauliza, yeye anajibu: kilichomo tumboni bado ni sehemu ya mwili wangu, na ni dhambi kubwa zaidi kumleta duniani mtoto ambaye siwezi kumlea. Tazama tabaka zake. Mbele ya hakimu mwanamke ni mshtakiwa; anajibu akiulizwa tu. Ndani ya barua ni yeye anayemfanya hakimu azungumze, anayekata maneno yake, anayechagua swali lipi liishie wapi. Mahakama imehamishiwa ndani ya barua na mamlaka yamegeuka. Polisi walilipiga marufuku toleo hilo, na kwa mtazamo wao hawakukosea kusoma.

Jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hadithi yenyewe ni kwamba Noe, mhariri aliyekubali kuichapisha, hakukubaliana nayo. Alikuwa mjamzito wakati huo. Ndani ya toleo hilohilo aliweka maoni yake ya kupinga utoaji mimba, na aliyaandika kwa umbo lipi? Barua, kwa rafiki yake mwandishi Nogami Yae. Septemba Raichō, naye mjamzito, akaandika kwa Noe juu ya mgongano kati ya maisha ya mtu binafsi na maisha ya uzazi. Wanawake watatu, barua tatu, hakuna aliyefunga mjadala. Sheria ya jinai ilikuwa na jibu moja kwa suala hili. Jarida lilikuwa na matatu, yote ya wanawake, yote ya watu wenye matumbo yao, na mhariri hakuona haja ya kuyapatanisha. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata leo, kwamba harakati inayobishana yenyewe hadharani inajidhoofisha. Mbele ya kurasa hizi siwezi kukubali. Jamii iliyodai kwamba mwanamke hana akili ya mambo ya umma ilioneshwa wanawake wakitumia akili hiyo, wakikosana kwa hoja, wakinukuu, wakirekebishana.

Mabishano ya mwisho yalikuwa juu ya ukahaba. Desemba 1915 Noe aliwashambulia wanawake wa Kikristo wa chama cha maadili waliokuwa wakipigania kufutwa kwa madanguro yenye leseni. Aliwaona wenye majivuno, wanaowadharau makahaba huku wakijidai kuwaokoa, na akasema biashara hiyo ina mizizi mirefu mno kung'olewa kwa kampeni. Kuhusu dharau alikuwa na haki. Hiyo ni sauti ya msichana wa kijijini anayejua jinsi mabibi wa mjini wanavyotazama watu. Kuhusu mfumo wenyewe aliteleza, na toleo la Januari 1916 likabeba jibu la Aoyama Kikue, lililoelekezwa kwa Noe kwa jina. Sauti ya Kikue ilikuwa mpya kabisa katika kurasa zile. Hana jua, hana kipaji kilichofichwa, hana machozi. Ana takwimu, ana vifungu, ana mfumo wa madeni unaomfunga msichana danguroni kwa jina la mkataba. Anasema: leseni ni ya serikali, kwa hiyo serikali iliyoianzisha inaweza kuifuta. Baada ya miaka zaidi ya minne ya nafsi ya kwanza, jarida lilipata mwandishi anayemzungumzia mwanamke mwingine, asiye msomi, asiye mwanachama, kwa hoja za sheria.

Noe alimjibu palepale, na barua yake ina sehemu ambayo anakubali kwamba suala la leseni hakuwa amelichunguza vya kutosha. Angeweza kuliacha jibu la Kikue droo ya mezani. Angeweza kulifupisha. Jarida lilikuwa lake, ofisi ilikuwa nyumbani kwake, na aliyekuwa akishindwa hoja mbele ya wasomaji alikuwa yeye. Alilichapisha.

Toleo la Februari 1916 likatoka, mjadala ukiwa bado unaendelea, na halikufuatwa na jingine. Hakukuwa na tahariri ya kuaga. Raichō alikwenda kuanzisha chama pamoja na Ichikawa Fusae na Oku Mumeo, chama kilichosaidia kurekebisha kile Kifungu cha 5 mwaka 1922 ili wanawake waweze kuhudhuria mikutano ya siasa. Noe aliuawa na polisi wa jeshi mnamo Septemba 16, 1923, siku chache baada ya tetemeko kubwa la Kantō, pamoja na mwenzake Ōsugi Sakae na mtoto wa miaka 6, mpwa wa Ōsugi. Alikuwa na miaka 28. Kikue, ambaye baada ya kuolewa anajulikana kama Yamakawa Kikue, aliteuliwa mwaka 1947 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanawake na watoto katika Wizara ya Kazi, na sheria ya kuzuia ukahaba ilipitishwa Japani mwaka 1956. Makala yake dhidi ya Noe ni miongoni mwa maandishi yake ya mwanzo kabisa kuchapishwa.